Nyumba Njema si Mlango

Mwezi wa Juni 2024, usiku wa mbalamwezi, Baba alituita sote uani kwetu Kabonga. Siku aliichagua kwa hesabu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti ndagala, kwa hiyo mitumbwi hulala ufukweni na wanaume hupata nafasi ya kukaa na kuzungumza. Lililotukutanisha lilikuwa jambo moja: kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Bujumbura, alikuwa ameona nyumba inayouzwa Kinindo na alitaka tuhamie huko wote. Fedha alizokuwa nazo zilitosha nusu. Nusu nyingine, alisema, ingetoka kwenye shamba letu la michikichi.

Kwa msomaji asiyeijua Bujumbura, Kinindo ni mtaa wa wenye nacho, upande wa kusini wa jiji, ambao mwaka huo ulikuwa katika komini ya Muha. Nyumba zake zina kuta ndefu na mageti ya chuma. Asubuhi wakazi hutoka kwenda kazini katikati ya jiji, jioni hurudi, geti likafungwa. Kwetu mtu akisema "mtoto wa fulani anakaa Kinindo", maana yake huyo mtoto amefika.

Kaka hakusukumwa na sifa peke yake. Mama ana presha. Mwaka uliotangulia alianguka usiku, nasi tukatafuta gari mpaka alfajiri. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anamaliza shule ya msingi, na Kaka alitaka asome pazuri zaidi. Hoja hizo mbili hakuna aliyezipinga. Bibi ndiye aliyekaa kimya, akichambua ndagala ambazo zilikwisha kuchambuliwa.

Baba akanigeukia. "Wewe unasoma huko huko. Nenda ukae kwa kaka yako, uangalie, kisha uturudishie habari. Usituletee matamanio yako. Tuletee ulichokiona."

Kaka alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu huko Kinindo. Nikaenda kukaa naye wiki mbili, nikiwa na daftari.

Safari yenyewe ilikuwa somo. Kutoka Nyanza-Lac hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 120 kwa barabara ya taifa namba 3, ziwa likiwa kushoto na milima kulia. Mwaka huo mafuta ya gari yalikuwa adimu nchi nzima. Nilisubiri Probox tangu alfajiri hadi adhuhuri. Tulipopita Rumonge niliona nyumba zilizosimama ndani ya maji, maana Tanganyika ilikuwa imepanda. Tulipita Minago, Magara na Gitaza, kisha Mugere, penye jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliopita hapo mwaka 1871. Nilifika Kinindo usiku, miguu imevimba. Nikaandika katika daftari: "Baba akiugua Kabonga, Mama akiwa Kinindo, atafika siku gani?"

Jambo la kwanza nililopima ni njia ya kila siku. Watu husema Kinindo ni karibu na mjini, na ni kweli ukitazama ramani. Mimi nilihesabu siku kumi za kwenda chuoni Mutanga. Siku tatu nilipata basi bila taabu. Siku tatu nilisubiri zaidi ya saa moja. Siku nne nilitembea kwa miguu. Kaka ana gari, lakini kwa wiki hizo mbili gari lake lililala kwenye foleni ya kituo cha mafuta mara nyingi kuliko lilivyolala nyumbani. Nikajifunza kwamba umbali haupimwi kwa kilomita peke yake.

Jambo la pili ni maji. Nilishuka hadi Kibenga, jirani ya Kinindo, upande wa ziwani. Nyumba nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona zilikuwa zimeachwa, maji yamefika madirishani, geti limefungwa kwa kufuli kana kwamba ziwa lingeomba ruhusa. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kati ya Ziwa Tanganyika na majengo, lakini ziwa halisomi sheria. Mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, ng'ambo ya pili, Kongo. Mvua ikizidi miaka kadhaa, maji hukaa na kupanda. Nyumba aliyoitaka Kaka ilikuwa mbali na ziwa, lakini nyuma yake kulikuwa na korongo la mto unaoshuka kutoka milimani. Mwenye nyumba alinionyesha sebule, jiko na bafu. Nilipouliza kuhusu korongo, alinionyesha tena sebule.

Jambo la tatu ni watu. Mama yangu ni mtu wa kuita na kuitikiwa. Akipika mukeke, majirani watatu hujua. Pale Kinindo nilikaa siku tano kabla ya kusalimiwa na mtu asiyekuwa Kaka. Aliyenisalimia alikuwa zamu wa nyumba ya pili, mzee kutoka Rumonge, aliyefurahi kusikia Kiswahili changu cha ufukweni. Nilimuuliza kama watu wa hapa wanajuana. "Wanajuana, binti yangu," akasema, "kwa honi za magari." Watoto wa jirani niliwasemesha kwa Kiswahili, wakanijibu kwa Kifaransa, kwa adabu nzuri kabisa, kama mtu anavyomjibu mgeni.

Lakini nilitumwa kuona, na kuona ni pande zote. Katikati ya wiki ya pili Mama alikuja kupimwa. Usiku presha ikampanda. Zamu yule alimgongea jirani mwenye gari lililokuwa na mafuta, jirani akatoka na kandambili, na baada ya robo saa Mama alikuwa mbele ya daktari. Nikakumbuka ile alfajiri ya Kabonga. Jambo hilo nililiandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake. Nikafuta pia maneno mawili matatu niliyokuwa nimeyaandika juu ya majirani.

Niliporudi, Baba alituita tena. Nilisoma daftari lote bila kuruka kitu. Kaka alikuwepo, akatabasamu niliposoma habari ya daktari, akainama niliposoma habari ya korongo. Nilipomaliza, Bibi akasema kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1972, kama watu wengi wa ufuko huu, Bibi alikimbilia Tanzania. Alivuka mpaka usiku na watoto wawili. Alipokuja kurejea, miaka mingi baadaye, alikuta michikichi yake ina wenyewe wengine, na ugomvi uliisha kwa kugawana. Tulichonacho leo ni nusu ya alichokiacha. "Shamba hili," alisema, "nililiacha mara moja, nikikimbia. Siwezi kuliacha mara ya pili, nikitembea."

Hakuna aliyejibu. Ndipo Baba akaniuliza maoni yangu, na moyo ulinidunda, kwa sababu nilimpenda Kaka na nilijua ninachotaka kusema. Nilisema Mama anahitaji daktari wa karibu, hahitaji Kinindo. Nyanza-Lac kuna hospitali, na Mama mkubwa anakaa hatua chache kutoka hapo. Mama akakae huko. Mdogo wetu aende kwa Kaka akasome. Shamba lisiuzwe. Kaka aendelee kupanga, na akitaka kununua siku moja, anunue mahali pasipo na korongo.

Baba alikubali. Kaka alisema nimesoma Kiswahili hadi nimesahau maendeleo. Miezi mitatu hakunipigia simu.

Wahenga wamesema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nilifungua, nikaingia, nikakuta mema na mabaya yamekaa sebule moja. Sijui kama niliamua sawasawa. Kila presha ya Mama inapopanda huko Nyanza-Lac, nahesabu dakika. Ile nyumba ilinunuliwa na mwingine, na mpaka leo imesimama.

Juzi mdogo wetu alinipigia kutoka Kinindo. Alianza kwa Kifaransa, akajikamata, akacheka, kisha akauliza kama mbalamwezi imekwisha na kama mitumbwi imeingia ziwani. Nyuma yake nikasikia sauti ya Kaka: "Mwambie nakusalimia huyo mwenye daftari."