Singida: Nyumba Miongoni mwa Mawe

Msafiri aingiaye Singida hupokewa na upepo, maji ya chumvi na mawe. Kandokando ya maziwa ya Singidani na Kindai, majabali makubwa yamepandana, na mgeni hudhani kuwa ardhi iliyoyabeba tangu kale haitikisiki. Lakini mkoa huu umo katika Bonde la Ufa. Anayeshuka mlima Sekenke kuelekea Igunga huiona kwa macho namna ardhi ilivyokatika.

Likizo iliyopita niliwapeleka watoto kijijini kwa bibi yao. Uani pake pana nyumba mbili: tembe la zamani, lenye nguzo za miti na paa bapa la udongo, na nyumba ya matofali ya kuchoma tuliyomjengea sisi wanawe. Nililihofia tembe. Fundi niliyemwita akagonga nguzo zake moja moja, akakuta mchwa katika mbili. Kisha akanionesha nyumba yetu: matofali yameshikwa kwa udongo, juu ya kuta hapana mkanda wa zege, na ufa umeteremka hadi juu ya kitanda cha mama.

Nikaikumbuka Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi za matofali ya namna hiyo. Hata shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Na hapa jirani, katika barabara ya Babati, Desemba 3, 2023 tope la mlima Hanang liliifunika Katesh na kuua zaidi ya watu 80.

“Mwanangu,” alisema mama, “mlinzi ni Allah.”

“Ni kweli, mama. Lakini Mtume (s.a.w.) alionya kuwa alalaye juu ya paa lisilo na kizuizi ameondokewa na dhima ya ulinzi.”

Akacheka. Utotoni mwake walianika mtama juu ya paa la tembe, na mama yake hakuwaruhusu kulala huko. “Basi mleteni fundi,” akasema.

Fedha tulizoziweka kwa ajili ya rangi na vigae zilinunua saruji na nondo. Usiku ule kitanda kilihamishwa, na nguzo mbili za tembe zikabadilishwa wiki iliyofuata.

Ndugu msomaji, kabla ya kupamba nyumba, msikiti au madrasa yetu, tuulize: kuta zimefungwa kwa mkanda? Mlango wa darasa unafunguka kwa nje? Madirisha yenye nondo yana njia ya kumtoa mtoto? Wazazi wetu na watoto wetu ni amana, na amana huulizwa. Tumtegemee Allah, na tuzibe ufa tuliokwisha kuuona.