Gari ya Bi Harusi na Moshi Wake



Wengi mumekuwa mukituuliza iko wapi ile gari nyeusi tuliyokuwa tukibebea maharusi, na kwa nini siku hizi tunakodi gari za watu. Tulikuwa tukijibu "tumeiuza, alhamdulillah" kisha tunageuza maneno. Leo tumekaa tuisimulie yote, maana kuna mwenzetu ametuandikia kwamba yeye na mumewe wametia jicho kwenye Mercedes ya zamani yenye injini kubwa, na bei yake ni nusu ya Toyota ya jirani yao. Mwenzetu, usitoe pesa. Soma kwanza.

Kwa wageni: sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Tulimaliza kidato cha nne skuli mbalimbali, tukakutana kwenye mafunzo ya ushoni, na uwifi umekuja baadaye. Duka letu ni dogo, tunashona nguo za harusi: magauni, mashela, na nguo za wale watoto wanaofuatana na bibi harusi. Kila msimu tulikuwa tukiona mteja anatubania sana bei ya gauni, halafu jioni yake anamlipa mtu wa gari bila ya kusema neno. Tukaulizana, kwa nini pesa ile isibaki hapa hapa?

Mkopo wa riba hatukuutaka. Tulikuwa na mchezo wa akina mama kumi na wawili, tukaomba zamu zetu zifuatane, tukachanganya na faida ya Mfunguo Mosi, msimu ambao watu wanaoana hadi kumbi zinakosekana. Tukapata sh. 13,500,000. Kwa pesa hiyo ungepata gari ndogo ya heshima, yenye injini ya kunywa kidogo. Sisi tukanunua BMW 545i ya mwaka 2004, nyeusi, viti vya ngozi, iliyoletwa kutoka Japani na bwana mmoja ambaye jina lake tunalistiri.

Gari ile ilipokuwa mpya, Marekani ilikuwa ikiuzwa zaidi ya dola 50,000. Injini yake ni V8 ya lita 4.4, nguvu farasi 333. Huko Japani gari inapofika miaka mitatu hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima, na baada ya hapo kila miaka miwili. Kodi nayo hupanda kwa ukubwa wa injini, na gari ya petroli ikishapita miaka 13 huongezewa kodi tena. Kwa hiyo mwenyewe huona bora aiuze kwa bei yoyote kuliko kuendelea kuilipia. Ndivyo gari ya tajiri inavyofika kwetu kwa bei ya gari ya mwalimu. Sisi tulidhani tumeokota. Hatukujua kwamba bei ya gari hushuka lakini bei ya spea zake haishuki nayo. Plagi ya gari ya dola 50,000 ni plagi ya gari ya dola 50,000, hata gari yenyewe ikiwa imechakaa.

Tulikwenda kuiangalia baada ya salaa ya laasiri. Injini ilikuwa ya moto tayari. Hatukuuliza kwa nini.

Tusidanganye, tuliipenda. Ukifunga mlango unasikia mlio mzito kama wa sanduku la mbao la kizamani. Mume wa mmoja wetu aliitoa siku moja asubuhi mapema kwenye barabara ya Paje (si pale Jozani wanapovuka kima punju, kabla hamjatukemea), akaikanyaga kidogo tu, na sote tuliokuwa nyuma tulisukumwa kwenye viti tukapiga kelele kama watoto wa bembea la Idi. Mara moja tu. Siku nyengine zote gari ile ya farasi 333 ilikuwa ikitambaa juu ya matuta baina ya nyumba ya bibi harusi na ukumbi, mwendo wa punda. Kisiwa chetu tangu Nungwi mpaka Makunduchi hakina nafasi ya gari kama ile kujinyoosha.

Mwaka wa kwanza tulibeba harusi 21, kila moja sh. 150,000. Hiyo ni 3,150,000. Tukaona tumefungua duka la pili.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa daftari. Betri ilikufa, tukanunua nyengine kwa 420,000, na kumbe haitoshi kuifunga, lazima fundi mwenye kompyuta aijulishe gari kwamba imewekwa betri mpya. Tairi zake ni za namba kubwa, za aina ile inayoweza kutembea kidogo hata upepo ukiisha, ndiyo maana nyuma hakuna tairi ya spea. Tulilijua hilo tukiwa Kitogani na bibi harusi ndani. Tairi nne zilizotumika, 900,000. Koili za plagi: gari nyingi hapa zina nne, hii ina nane. 560,000. Oili inaingia lita 8 kila ukibadilisha.

Kisha ikaanza kupoteza maji. Kila asubuhi tone chini, mbele ya injini, na rejeta inataka kujazwa. Fundi wetu, kijana mpole wa gereji ya uani, alitueleza vizuri hata sisi tukafahamu. Injini hii ina bomba la maji linalopita katikati, kwenye bonde baina ya safu mbili za silinda. Mpira wa mbele wa bomba hilo unakauka kwa joto na maji yanaanza kuvuja. Mpira wenyewe ni kitu kidogo, lakini kulitoa bomba kama lilivyotiwa kiwandani lazima ufungue mbele yote ya injini. Sisi tukamwambia: yaani ni kama koti lenye bitana, kifungo kimekatika ndani na huwezi kukifikia mpaka ufumue koti zima. Akacheka, akasema hasa. Alhamdulillah kuna watu wametengeneza bomba la kurefuka na kufupika, linaingizwa bila ya kufumua mbele yote. Mmoja wetu alikuwa anakwenda Dubai kununua vitambaa, akavuka mpaka Sharjah kwenye maduka ya spea, akarudi na bomba limeviringishwa ndani ya satini. Bomba na ufundi, 1,100,000.

Jumlisheni wenyewe. 2,980,000. Katika zile 3,150,000 zilibaki 170,000, na hapo hatujahesabu oili wala petroli, na V8 haijui kufunga.

Hayo yote tungeyastahamili. Kilichotumaliza ni moshi.

Ilikuwa harusi ya Mfunguo Tatu, joto, bibi harusi amekaa ndani ya gari na kiyoyozi kinafanya kazi huku watu wa picha wakipangana. Injini ilikaa ikiunguruma pale pale kama dakika arobaini. Dereva alipoondoka, nyuma ya gari likatoka wingu la buluu ambalo hatujapata kuliona. Shangazi zake bibi harusi walikuwa wamesimama nyuma kabisa wanapiga vigelegele. Vigelegele vikageuka kikohozi. Watoto wa kufuatana, ambao nguo zao nyeupe tulizishona wenyewe kwa wiki mbili, walinuka oili usiku ule wote. Pesa ya gari tuliirejesha, na kwenye pesa ya magauni tulipunguza bila ya kuombwa.

Fundi alisema ni sili za valvu. Ziko 32. Zikikauka, gari ikisimama muda mrefu inaunguruma tu, oili inanyonywa pole pole kuingia kwenye silinda, na ukikanyaga mafuta inaungua yote kwa pamoja. Ukiendesha bila ya kusimama hutaona kitu. Yaani katika kazi zote za duniani za gari, kazi mbaya kuliko zote kwa ugonjwa ule ni kumsubiri bibi harusi mlangoni. Kuzibadilisha, pamoja na kukodi vyombo vyake maalumu kutoka Dar, alikadiria 3,500,000.

Tukaamua kuuza.

Dalali tuliyempata ni mtu mzima, anatuita wanangu. Alitufundisha kama mwalimu. "Wanangu, tieni oili nzito. Osheni injini. Mnunuzi akija, gari iwe imeshatembea, na asiachiwe kusimama nayo. Muzungusheni tu." Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini siku ile sisi tulikuta injini ya moto.

Mnunuzi alikuja baada ya wiki. Kijana amerudi Muscat, amefanya kazi miaka minne, anataka kuoa. Alitaka gari ya kuendea harusi yake mwenyewe. Akatuita "dada zangu" kwa adabu kabisa. Alizungushwa mpaka Mazizini na kurudi, akapenda, akakubali 9,000,000, akatoa 2,000,000 ya kufungia. Pesa ile haikulala nyumbani. Tulikuwa na deni la vitambaa, ikaenda pale pale.

Usiku tulikwenda kwa mama. Ni mama wa mmoja wetu na mkwe wa mwengine, na sote tunamwita mama. Tukamweleza kwa furaha. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. Akauliza, "Na moshi mumemwambia?"

Hatukujibu.

Njiani kurudi tuligombana, na tangu tuanze duka tulikuwa hatujagombana hivyo. Mmoja wetu alisema yule ni mtu mzima, ana macho, angekuja na fundi wake. Alisema tena, na hili ndilo lililokuwa gumu kulijibu: sisi nani alituambia? Si tuliuziwa hivi hivi? Tulipoteza akiba ya mchezo wa mwaka mzima, na sasa tuibebe hasara peke yetu? Mwengine alikuwa kimya muda mrefu, kisha akakumbusha ile hadithi iliyopokewa na Muslim, sote tumeisoma chuoni tukiwa wadogo: Mtume (SAW) alipita sokoni akatia mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikakuta majimaji chini, na muuzaji akasema ni mvua. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini basi asiweke ile iliyorowa juu watu waione. Hatutasema nani kati yetu alikuwa upande gani. Lakini yule wa kwanza ndiye aliyepiga simu asubuhi baada ya salaa ya alfajiri, mwenzake bado amelala.

Kijana alikuja. Gari ilikuwa ya baridi, haijaguswa tangu jana. Tukaiwasha, tukamkaribisha chai, tukaiacha iungurume nusu saa, kisha tukamwambia, "Kaka, panda, ikanyage." Wingu likatoka mpaka jirani akafunga dirisha.

Tulitaraji atashukuru. Hakushukuru. Alikasirika, na haki yake. Alisema ameshawatangazia ndugu zake, ameshatuma picha Muscat, mumenipotezea wiki nzima. Tulimwambia achukue kwa 6,000,000 au arejeshewe pesa yake. Akataka pesa yake. Tulikuwa na 600,000. Iliyobaki tuliipata kwa kuuza cherehani yetu ya ovaloki na pete ya mmoja wetu, tukamlipa kwa mafungu mawili ndani ya wiki tatu. Fungu la mwisho alilihesabu mbele yetu noti moja moja, akaondoka bila ya kuaga. Dalali naye alikosa ujira wake, na ametusema vibaya mjini kwa muda.

Gari ilikaa miezi miwili chini ya mwembe. Tuliandika karatasi kwa hati ya mkono: sili za valvu mbovu, inatoa moshi ikisimama, bomba la maji limebadilishwa, tairi zimetumika. Waliokuja walikuwa wakiisoma na kurudi. Mwisho alikuja fundi mmoja ambaye anavyo vyombo vyake na anataka kuifanya kazi ile mwenyewe siku za mapumziko. Aliisoma, akatoa 5,800,000, akatia saini yake chini ya yetu. Karatasi ile tunayo hadi leo, iko kwenye droo ya mikasi.

Kwa mwenzetu wa Mercedes: hatukukatazi. Nenda asubuhi, bila ya taarifa ndefu. Gusa boneti, ikiwa ya moto sema utarudi kesho. Iache isimame ikiunguruma nusu saa, na usione haya, kaa nayo, kisha mwambie mumeo aikanyage wewe ukiwa nyuma. Angalia chini kama kuna tone. Na kama bei ni milioni kumi, uwe nazo kumi na tano, zile tano uzifungie usizione. Kama huna, nunua Toyota ya jirani.

Ovaloki tumenunua nyengine mwezi uliopita. Maharusi wetu wanapanda Alphard ya kukodi, inapoa vizuri na shela linaenea. Mmoja wetu anasema hatataka tena kuona BMW maishani mwake. Mwengine, ikipita barabarani ile nyeusi ya fundi, bado huacha kushona mpaka ipite. Haitoi tena moshi.