Gari langu lilitoa moshi kabla ya kutembea!

Msomaji wangu, leo nakupa ruksa ya kunicheka. Cheka mpaka mbavu ziume, lakini usome hadi chini, maana mwenzio yamenikuta.

Basi bwana, mambo yalianza mwaka jana binamu yangu alipokuja likizo kutoka Dubai. Wenzake huleta simu na manukato, yeye akaniletea boksi. Ndani yake gari la rimoti! Ila si yale ya dukani ambayo unatia betri unaanza kukimbiza kuku wa jirani. Hili lilikuwa vipande vitupu: skrubu, gia, springi, mota, na bodi ambayo unatakiwa uipake rangi mwenyewe. Juu ya boksi imeandikwa Tamiya, Hornet. Kwa wasiojua, Tamiya ni kampuni ya Japani yenye makao yake Shizuoka, na Hornet ilitoka mara ya kwanza mwaka 1984, ikarudishwa tena sokoni mwaka 2004. Kwa maana hiyo, gari hilo limenizidi umri.

Kuliunganisha hakukunipa tabu. Sisi wa Katandala tumekua na magari ya waya yenye matairi ya ndala, kwa hiyo mikono inajua kazi. Jioni tatu tu gari likasimama mezani, bomba kweli kweli. Washikaji wakawa wanapishana geto kwangu kuja kulitazama.

Kasheshe ikawa kwenye umeme wake.

Gari la namna hii linauzwa na mota yake, lakini vingine unaweza kujikuta unavitafuta mwenyewe. Mimi vilinijia mwezi mmoja baadaye, mkononi mwa mtu, vikiwa vimekula malipo yangu ya makala za miezi mitatu. Nikuchoree picha kidogo. Rimoti unaishika wewe. Risiva inakaa ndani ya gari, kazi yake kuisikiliza rimoti. Sevo ni kimota chenye mkono, ndicho kinachokata kona. Halafu kuna kidhibiti mwendo, kinakaa katikati ya betri na mota na kuamua mota ile umeme kiasi gani. Betri yangu ni ya volti 7.2, ila risiva na sevo zinataka kama volti 6 hivi. Kidhibiti ndicho kinachoupunguza umeme na kuwalisha wadogo zake hao kwa waya mwembamba wa nyuzi tatu. Ukikiua kidhibiti umeua jiko, nyumba nzima inalala njaa.

Na mimi nilikiua.

Ilikuwa hivi. Mdomo wa betri ulikataa kuingia kwenye mdomo wa kidhibiti. Nikaenda dukani nikanunua plagi nyingine. Waya zake zote mbili nyeusi, mmoja una mstari mweupe. Nikajiambia huo wenye mstari ndio hasi. Nani kaniambia? Hakuna! Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, baridi la mwezi wa saba la Sumbawanga si unalijua, mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na mimi natumia tochi ya simu. Mshikaji wangu akaniuliza, "Umehakikisha?" Nikamjibu kwa sauti ya profesa, "Wewe tazama tu."

Nikachomeka betri. Swichi sikuwahi hata kuigusa. Pssss! Moshi huo, na harufu kama ndala iliyoangukia jikoni. Mshikaji akafungua mlango, akaaga kistaarabu. Nikabaki mwenyewe gizani na malipo yangu ya miezi mitatu yakiwa yamegeuka mkaa.

Sasa hapa ndipo pananiuma. Nina mjomba, ndugu wa damu wa mama yangu. Ni fundi redio, kibanda chake kiko hapa hapa Katandala, hata dakika kumi kwa miguu hazifiki. Siku matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka (naomba tusiyajadili), mjomba alikuja nyumbani akasema nikajifunze kazi kwake. Nikamjibu mbele ya mama, "Mimi siwezi kukaa kibandani kunusa moshi wa redio za watu." Mama aliinamisha kichwa. Mjomba akamaliza chai yake, akaondoka. Tangu siku ile ikawa shikamoo, marahaba, basi.

Usiku ule nikiwa nanusa moshi wangu mwenyewe, yale maneno yakanirudia.

Nilizunguka siku nne nikitafuta njia nyingine. Siku ya tano nikajikaza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umepotea."

"Nipo mjomba, ni kazi tu."

"Naona leo kuna kitu kimekuleta."

Nikafungua mfuko. Hakuuliza nimefanyaje. Akakinusa kidhibiti, akakiweka pembeni. "Huyu amekufa. Tuache maiti, tuangalie majeruhi." Akachukua mita yake, akapima ile plagi yangu. Akanionyesha: mstari mweupe ulikuwa chanya. "Zipo ambazo ni hasi, zipo ambazo ni chanya. Mstari hausemi kitu. Mita ndiyo inasema."

Akatoa betri nne za redio, kila moja volti 1.5, jumla 6. Akasema tuilishe risiva nazo tuone kama bado ina pumzi. Sevo iingie tundu la kwanza, betri zikae tundu la umeme. Basi akaanza kuchomeka. Mara ya kwanza akakosa tundu. Ya pili, pini moja ikabaki nje. Akaisogeza risiva karibu na uso, akaipeleka mbali, akairudisha. Mimi nikatazama chini. Ndipo nikaona rafu nzima ya redio za watu zenye vumbi, hazijafunguliwa.

"Weka wewe," akasema. "Macho siku hizi yananidanganya."

Sikuwa najua. Dakika kumi kutoka kwangu, na sikuwa najua!

Nikachomeka: waya mweusi upande wa hasi, mwekundu katikati, mweupe wa kupeleka habari upande wake. Taa ya risiva ikawaka, sevo ikageuka "zzzt". Majeruhi wamepona! Mjomba akacheka. Sikumbuki lini nilimsikia akicheka mara ya mwisho.

Kidhibiti kipya kilinichukua miezi miwili kukipata. Kila Jumamosi ndani ya miezi hiyo nilikuwa kibandani. Namsomea mjomba vijistari vya rangi kwenye vipingamizi, yeye ananifundisha kulehemu. Rafu ikaanza kupungua.

Siku ya siku ilipofika, sheria yake ilikuwa moja tu: kimoja kimoja. Tukaliweka gari juu ya kopo, matairi yaning'inie, lisije likaruka mezani. Plagi ikapimwa kwa mita mara mbili kabla ya kugusana na kitu chochote. Rimoti ikawashwa kwanza, gari baadaye. Wakati wa kuzima ni kinyume chake: gari kwanza, rimoti mwisho, maana gari lisilosikia rimoti linaweza kuondoka lenyewe. Tukaikutanisha risiva na rimoti mpaka taa ikaacha kukonyeza. Sevo tukaiacha ijiweke katikati ikiwa na umeme, ndipo tukafunga mkono wake. Mwanzo nilikuwa nimeufunga ikiwa imezimwa, ndiyo maana ingekata kona upande mmoja tu. Mwisho tukakifundisha kidhibiti: hapa ni kusimama, hapa mwendo wote, hapa breki. Nikakata kushoto, matairi yakaenda kulia! Moyo ukalipuka. Mjomba akaniambia nisome kitabu. Kumbe rimoti ina kiswichi cha kugeuza. Nikabonyeza, mambo yakawa sawa.

Tukatoka nje. Nikavuta kidole, Hornet ikafyatuka na vumbi lake, watoto nyuma wanapiga kelele, kuku kila mmoja na njia yake.

Sasa unajua tena mji wetu na sifa zake. Jina lenyewe Sumbawanga watu hulifasiri kutoka Kifipa kuwa "tupa uchawi", na wa mikoa mingine wakilisikia wanaanza kutania. Kigari kinakata kona peke yake barabarani, unategemea nini? Bibi mmoja aliyekuwa anapita akasimama, akashika kiuno. Mimi nikajiandaa kujieleza. Lakini hakuogopa wala nini. Akatazama gari, akatutazama sisi, akauliza, "Anayeliendesha nani?"

Mjomba akajibu kabla sijafungua mdomo. "Mpwa wangu huyo."

Hakuongeza neno. Na mimi, mpiga domo mkubwa, nikakosa la kusema. Nilijifanya naangalia rimoti.

Haya, msomaji, nawe ukipata boksi lako, pima waya kabla ya kuchomeka, jaribu kimoja kimoja, na matairi yawe juu. Na kama kuna mzee uliyemtolea maneno ukiwa na hasira za matokeo, usingoje mpaka kitu chako kitoe moshi. Mimi Jumamosi hii naenda kibandani kama kawaida. Kuna redio mbili bado, na moja mwenyewe anaitaka kabla ya jioni.