Neno Kigoma Nililitaja Mimi

Niliuza dagaa wa Mwanza kwa jina la Kigoma. Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, tena kwa bei ya jumla.

Nina duka dogo Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Kongo, na nilijihesabu mjuzi. Kipimo changu kilikuwa kimoja: dagaa mkubwa anayeng'aa ni wa Kigoma, mdogo aliyefifia ni wa Mwanza. Wateja niliwafundisha hivyo hivyo, mkono kiunoni. Basi nilipokuta gunia la dagaa wanene, wameanikwa kwenye vichanja, hawana hata chembe ya mchanga, nikauliza, "Hawa wa Kigoma, eti?" Muuzaji akasema, "Chukua mama, wazuri hao." Hilo si jibu. Mimi nilisikia ndiyo.

Ukubwa hausemi kitu. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambaye wataalamu humwita Rastrineobola argentea, akikomaa hufikia sentimita 9 hivi, karibu sawa na Stolothrissa tanganicae wa Ziwa Tanganyika. Kung'aa nako ni habari ya jua na kichanja.

Mama mmoja wa Ujiji, mteja wangu wa siku nyingi, alirudi na kifurushi chake. Hakupiga kelele. Aliomba maji ya vuguvugu, akaloweka dagaa wachache bakulini, tukapiga soga mpaka mapezi yakalainika. "Haya mwanangu, pezi la mgongoni liko wapi?" Lilikuwa nyuma sana, juu ya lile la chini karibu na mkia. Akatoa mkobani dagaa wake wa nyumbani, akamloweka pia: pezi katikati ya mgongo. Kisha akakishika kidole changu, akakipitisha tumboni mwa yule wa kwao, kutoka mkiani kwenda kichwani. Kikakwaruzwa na vijino kama vya msumeno. Wangu walikuwa laini. Kumbe hata undugu hawana: wa Kigoma ni jamii ya sadini, wa Mwanza yuko upande wa ningu. Nikaanza kukumbuka nyuso za wote niliowafungia.

Walionirudia niliwarudishia tofauti ya bei. Wengine hawakurudi, hata kudai. Gunia lililobaki liliuzwa kwa jina lake, sehemu kwa wafuga kuku. Mama wa Ujiji sasa hununua kwingine, ingawa akipita hunisalimu. Nilipomfuata muuzaji, alinikumbusha bila hasira kwamba neno Kigoma nililitaja mimi.

Siku hizi naloweka kabla ya kulipa. Ila usikiamini kidole peke yake, maana simu wa Bahari ya Hindi naye ana msumeno tumboni. Tena yupo Limnothrissa miodon, dagaa mwingine wa Tanganyika, aliyepandikizwa Ziwa Kivu, na mwaka 1967 na 1968 akapelekwa Kariba. Kwa huyo bakuli la maji halisaidii. Nauliza mzigo ulipakiwa wapi, na sitoi hela mpaka nitajiwe mahali.