Mgeni wa Wainjilisti

Ramani huiita Milima ya Livingstone, ingawa Livingstone mwenyewe hakuikanyaga. Jina lilibandikwa na wageni wa Kiingereza waliopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa miaka ya 1870. Sisi wachungaji tuliotumika Ukinga, nchi ya Wakinga kwenye milima hiyo, hatukuwa na haja nalo. Tulisema "huku juu" na "kule ziwani", basi. Usharika wangu ulikuwa huku juu, kwenye ngano, viazi na pareto, ambako asubuhi za Juni nyasi huamka nyeupe kwa jalidi. Lakini mitaa yangu ya mbali iling'ang'ania ubavu unaotazama ziwa, na kutoka ukingoni hadi majini mlima unaporomoka zaidi ya mita 1,500. Gari liliishia ukingoni.

Kwa asiye Mlutheri nieleze kidogo. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mtaa ni kanisa dogo lililo chini ya usharika. Usharika una mchungaji. Mtaa una mwinjilisti, mara nyingi mkulima kama jirani zake, anayelipwa kidogo na kwa kuchelewa. Ndiye anayehubiri Jumapili hadi Jumapili, anayefundisha watoto wa kipaimara, anayeitwa usiku mgonjwa akizidiwa, anayezika. Meza ya Bwana, ndoa na ubatizo usio wa dharura humsubiri mchungaji. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa nilishuka, na nilikuta mambo yote ya mtaa yamepangwa foleni.

Wazee walikuwa wakituma vijana wawili kunipokea. Mmoja alibeba sanduku lenye kikombe, mvinyo na mkate. Wa pili alichukua kanzu yangu na rejesta ya ubatizo, vimefungwa kwenye nailoni, maana ukungu wa kule unalowesha hata pasipo mvua. Mimi niliachiwa fimbo ya mwanzi na magoti yangu. Watu wa tambarare hudhani kazi ni kupanda. Wanakosea. Kupanda kunamaliza pumzi, nayo hurudi ukikaa kitako. Kushuka kunamaliza magoti. Asubuhi niliondoka na sweta mbili na koti. Kwenye mianzi nilivua koti, kwenye mahindi sweta moja, na nilipofika kwenye migomba na mihogo, ziwa likimeta chini kabisa, nilikuwa na shati tu na vijana wanacheka jasho la mchungaji.

Kanisa la mtaa mmoja lilikuwa la tofali za kuchoma, na paa la bati jipya kuliko la nyumba yoyote pale. Mabati yaliletwa na wana wa kijiji wanaofanya biashara Mbeya. Mkinga akifungua duka mjini, hakosi kuulizwa na mama yake kuhusu paa la kanisa. Mabati hayo yalibebwa kichwani kwenye njia hiyohiyo iliyonitoa jasho bila mzigo. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Nani aliifikisha rimu ya gari mahali pasipofika gari? Nilipouliza, kila mzee alimtaja marehemu tofauti.

Ibada ya siku kama hiyo haikuwa na haraka. Kwanza maungamo na ubatizo. Halafu ndoa: watu waliokwisha kuishi pamoja miaka, bibi harusi akiwa na mtoto wa mwisho mgongoni na wa kwanza akishika pete. Halafu kipaimara, halafu Meza ya Bwana, na wazee wasioweza kutembea tuliwafuata majumbani. Nilipodhani nimemaliza, mwinjilisti alinong'ona, "Baba Mchungaji, bado makaburi." Alikuwa amewazika wote yeye mwenyewe, kwa utaratibu kamili, lakini familia zilitaka mchungaji naye asimame pale na kuomba. Tulizunguka kaburi kwa kaburi.

Palikuwa na miaka ambayo mzunguko huo ulichukua muda mrefu kuliko ibada. Ukimwi uliipiga Makete, wilaya yetu, mapema na kwa ukali, na hata utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe wanaishi na virusi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Mimi niliiona hesabu hiyo kwenye rejesta kabla haijatoka. Katika safu ya wazazi, mwinjilisti alianza kuandika "marehemu", tena "marehemu", na aliyemleta mtoto kwenye maji akawa bibi. Bibi wa kule hakuleta machozi kanisani. Alileta mtoto, na swali: ada ya shule atalipa nani?

Baada ya ibada ulikuja mnada wa sadaka za mazao. Mahali ambapo fedha taslimu ni adimu, mnada una ufundi wake. Boga linanunuliwa, mnunuzi analirudisha kwa Bwana, linanadiwa upya, hata boga moja linaweza kuzaa bei ya mbuzi. Jogoo aliyenadiwa mwishoni alinunuliwa na wazee kwa pamoja, na nilijua anakokwenda: kwenye sufuria ya mwinjilisti, kwa ajili yangu.

Nililala kwa mwinjilisti, na hapo jikoni, miguu ikielekea motoni, ndipo nilipofanya kazi niliyotumwa. Watu waliingia mmojammoja. Huyu ana ugomvi wa mpaka wa shamba na kaka yake, na yule anataka kujua kama ulanzi ni dhambi wakati wote au ukizidi. Swali hilo huja sana msimu wa mvua, mianzi inapogemwa. Mke wa mwinjilisti alikuwa haongei mpaka wote watoke, halafu aliniambia kwa utulivu kwamba posho ya mumewe haijafika tangu mavuno.

Kanisa la kule kusimama juu ya watu kama hao hakukuanza na sisi. Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891, na miaka michache baadaye walipanda hadi Ukinga. Vita ya Kwanza ya Dunia ikawaondoa. Waskoti wa Livingstonia wakaja kusimamia kwa muda, Wajerumani wakarudi, na Vita ya Pili ikawaondoa tena. Katika mapengo hayo ibada hazikukatika, kwa sababu walimu na wazee wa kienyeji walikuwa wakigonga kengele kila Jumapili. Nilipoketi kwenye moto ule nilijihesabu miongoni mwa wapitaji, sawa na Wajerumani na Waskoti, tofauti ikiwa tu kwamba mimi nilijua kula kande.

Siku hizi barabara zimechongwa zaidi, na pikipiki hufika mahali ambapo sisi tulifika kwa fimbo. Mchungaji aliyenirithi ni kijana hodari. Anakwenda asubuhi na jioni yuko kwake. Mwaka juzi nilishuka kumsalimia mwinjilisti, ambaye amestaafu na bado anafundisha kipaimara. Bibi mmoja alinishika mkono akashtaki: "Baba, huyu wa sasa anabatiza vizuri, anahubiri vizuri, ila chakula anakula amesimama, kofia ya pikipiki kwapani. Mwambie siku moja alale."

Nilimwambia. Aliniuliza pikipiki ataiweka wapi usiku.