Wamormoni na Bankambo: Imani Yetu na Daftari ya Majina

Hapa Lubumbashi, mtu akijua kwamba sisi ni Wamormoni, mara nyingi anauliza maswali matatu. La kwanza: "Muko na babibi bangapi?" La pili: "Ni kweli hamukunywake hata chai?" La tatu linakuja polepole, zaidi kutoka kinywa cha mzee: "Na bankambo benu, mulibatupa?" Mawili ya kwanza yana majibu mafupi. La tatu njo limetusukuma kuandika kurasa hizi, kwani kijitabu hiki ni cha mila, na wengi wanafikiri kwamba anayeingia katika kanisa lililotoka Marekani ameacha mambo ya ukoo wake nyuma.

Tunasema "sisi" kwa sababu kwetu mtu hajisemi peke yake. Nyuma yake kuna nyumba nzima. Kwa kazi sisi ni mhasibu, ao kontable kama watu wanavyosema, katika kampuni ya usafirishaji. Mama wa nyumba ni mwalimu wa shule ya msingi. Tuna watoto wanne. Asili yetu ni Baluba wa Katanga, upande wa Kamina. Baba alikuja mjini kutafuta kazi, akabatizwa Mkatoliki, akafa Mkatoliki. Mama yetu angali hai, naye kila siku ya Mungu anaenda misa yake ya asubuhi.

Kwanza tueleze kanisa lenyewe. Jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Tangu mwaka 2018 viongozi wetu wanatuomba tutumie jina hilo lote, lakini hapa tunaandika pia "Wamormoni" ili msomaji ajue tunasema juu ya nani. Lilianzishwa tarehe 6 Aprili 1830, katika jimbo la New York, na Joseph Smith, kijana wa familia ya wakulima. Mwaka huohuo alitoa Kitabu cha Mormoni, ambacho sisi tunakisoma pamoja na Biblia. Mwaka 1844 aliuawa na kundi la watu gerezani, na mwaka 1847 wafuasi wake wakafika Salt Lake wakiongozwa na Brigham Young. Kwetu Kongo, serikali ililitambua Kanisa mwaka 1986, wakati nchi ingali inaitwa Zaire.

Sasa swali la wake. Ni kweli, Wamormoni wa zamani waliruhusu mwanaume kuoa wake wengi. Mwaka 1890 rais wa Kanisa, Wilford Woodruff, alitangaza kukomesha ndoa hizo, na leo anayeoa mke wa pili anaondolewa katika Kanisa. Hata mwanaume aliyeoa wawili kwa desturi ya kwao hawezi kubatizwa akiwa katika hali hiyo. Kwa hiyo anayetutania juu ya wake, mara nyingi yeye mwenyewe njo ana ofisi ya pili mahali fulani mjini.

Swali la vinywaji linagusa maisha ya kila siku. Neno la Hekima, fundisho la mwaka 1833, linatukataza pombe, tumbako, kahawa na chai. Msomaji anajua maana ya jambo hilo katika mji wetu. Penye kilio, usiku, wanaume wamekaa kandokando ya moto, chai inapita pamoja na mkate, na anayekataa kikombe anaonekana kama amekataa huzuni ya wenzake. Sisi tunaomba maji ya moto na sukari, tunakaa mpaka asubuhi, na tunatoa mchango wetu kama wote. Watu wanaangalia kama ulilala pale, kikombe wanakisahau. Munkoyo sisi tunakunywa ile ya siku ileile, ingali tamu. Ikilala na kuanza kuchemka, tunawaachia wengine.

Penye ndoa njo kuna ugumu zaidi. Tulipoenda kutoa mali kwa ajili ya mdogo wetu, ambaye naye ni wa Kanisa, karatasi ya wakwe ilikuwa na mbuzi, blanketi, suti ya baba, na bia kwa wazee. Tukaomba sehemu ya bia igeuzwe kuwa sukre na pesa. Mzee mmoja wa upande wao akasema: "Weye mutoto, ukikatala pombe ya bankambo, njo kusema unatukatala?" Hatukumjibu sisi, mdogo wao anajibuje mkwe? Aliyejibu ni muyomba wetu, mtu anayekunywa bila aibu: "Bankambo hawakuomba bia ya chupa. Waliomba heshima, na heshima hii hapa." Akaweka bahasha mezani, akapiga makofi ya kuomba, na mambo yakaendelea. Tangu siku ile tumeelewa kwamba mila ina mlango mpana, kama unapita nayo kwa adabu na kwa kinywa cha mtu mwenye haki ya kusema.

Kazini, imani yetu haina alama ya nje. Hatuna padri wala mchungaji wa kulipwa: askofu wetu ana kazi yake ya wiki nzima kama sisi, na anaongoza bila mshahara. Tunatoa zaka, moja ya kumi ya mapato. Mara moja kwa mwezi, siku ya Mungu, tunafunga milo miwili, na kiasi cha chakula kile tunakitoa kwa wenye shida. Jumatatu jioni ni ya familia: tunaimba, mtoto mmoja anasoma, tunacheza, tunalala. Tena kuna mahojiano. Anayetaka kuingia hekaluni anakaa mbele ya askofu, kisha mbele ya kiongozi mwingine, na kati ya maswali kuna hili: je, unajitahidi kuwa mwaminifu katika yote unayofanya? Kwa kontable hilo si swali dogo. Katika kampuni moja tuliyofanyia zamani, mkubwa alituletea faktiri ya mafuta ambayo hakuna gari iliyoyapata, akataka tuiingize kitabuni. Tulikataa. Mwisho wa mwaka wenzetu walipata zawadi, sisi hatukupata, na karo ya watoto ilichelewa. Hatusemi haya kwa kujisifu. Wakatoliki na Wamethodisti wengi wamefanya vilevile. Tunataka tu msomaji ajue kwamba dini inapimwa mezani pa kazi kabla ya kupimwa kanisani.

Kuna jambo zito ambalo Mwafrika hawezi kulipita kimya. Kwa zaidi ya miaka mia moja, tangu kati ya karne ya 19 mpaka Juni 1978, Kanisa letu halikuwapa ukuhani wanaume weusi. Wanaume na wanawake weusi hawakupata ibada kuu za hekalu. Na bado Joseph Smith alipokuwa hai, mtu mweusi kama Elijah Able alipewa ukuhani, mwaka 1836. Ni baadaye mlango ulifungwa. Mwaka 2013 Kanisa liliandika wazi kwamba maelezo yaliyotolewa zamani juu ya weusi kulaaniwa linayakataa. Kaka yetu mkubwa, mwenye kusoma sheria, alituuliza: "Wakati ule bangekufukuza, sasa unabafuata namna gani?" Ni swali la haki. Tulimjibu kwamba tumeona kosa la watu katika nyumba ambamo tumemkuta Mungu, na kwamba makanisa mengine yaliyoingia Kongo pamoja na wakoloni yana historia yao pia. Leo Wakongomani wawili, Thierry Mutombo na Alfred Kyungu, waliitwa katika uongozi mkuu wa Kanisa, mmoja mwaka 2020, mwingine 2021. Hilo halifuti miaka ile. Kaka hakuridhika, na hatumlaumu.

Sasa tufike kwa bankambo. Baluba walikuwa na lukasa, kibao cha mti kinachoenea mkononi, chenye shanga na magamba. Mtu wa chama cha Mbudye aliyefundishwa alipitisha kidole juu yake na kusimulia wafalme, koo, na mahali walipopita. Nyingi ya lukasa ziko sasa katika nyumba za makumbusho Ulaya na Marekani. Lakini mawazo yaliyozitengeneza bado yako kwetu: aliyekufa yuko, mradi kuna anayejua kumtaja. Njo sababu mtoto anapewa jina la nkambo, na nkambo anamwita ndoyi wangu.

Tulipofundishwa imani hii, jambo lililotushika halikuwa historia ya Marekani. Lilikuwa hili: Wamormoni wanaamini kwamba familia inaweza kuunganishwa milele, na kwamba wafu waliokosa ubatizo wanaweza kubatizwa kwa mwili wa mzao wao aliye hai, ndani ya hekalu. Tunalisoma katika 1 Wakorinto 15:29. Maiti haiguswi, kaburi halifunguliwi. Mjukuu anaingia majini, jina la nkambo linatajwa. Na nkambo mwenyewe, kule aliko, ana uhuru wa kukubali ao kukataa.

Ili kufanya hivyo lazima ujue majina. Kwa hiyo tulinunua daftari, na kila likizo tukaenda kuketi na wazee. Hawakutupa majina kwa mpangilio. Walitupa njaa, safari, ugomvi wa shamba, mapacha waliokufa, na ndani ya hadithi jina likatoka. Leo daftari ina majina 41. Nkambo mmoja alikuwa na wake watatu. Wote watatu wameandikwa, na watoto wa kila mmoja. Wazee wawili kati ya wale waliotuhadithia wamekwisha kufa. FamilySearch, shirika la Kanisa la kutafuta ukoo, linatuma watu katika nchi mbalimbali za Afrika kuandika masimulizi ya namna hiyo kabla wazee hawajaenda nayo.

Zamani Mmormoni wa Lubumbashi aliyetaka hekalu alipitia Kasumbalesa, akavuka Zambia na Zimbabwe, mpaka Johannesburg, ambako kuna hekalu tangu 1985. Wengine waliuza vitu vya nyumbani kwa safari hiyo. Tarehe 14 Aprili 2019 hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu, na mwaka 2020 Kanisa lilitangaza kwamba Lubumbashi pia itapata lake. Sisi tulienda Kinshasa kwa ndege, baada ya kuweka pesa kidogokidogo kwa miaka mitatu, na majina ya bankambo upande wa wanaume yakatajwa pale.

Jina moja halikutajwa: la baba yetu. Sheria ya Kanisa inasema kwamba kwa mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, lazima upate ruhusa ya ndugu wa karibu, na wa kwanza ni mjane wake. Tulimwendea mama, tukapiga magoti, tukamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Baba yenu alibatizwaka na bapadri. Mutamubatiza mara ngapi?" Tukasema kwamba ni zawadi, na baba ana haki ya kuikataa. Akanyamaza, akatwanga sombe yake, halafu: "Mungoye kwanza. Siku nitafika kule, nitamuuliza miye mwenyewe."

Tunangoja. Imani yetu inatuambia kwamba ubatizo ule baba anauhitaji, na hatufichi kwamba inatuuma. Lakini imani ileile inasema kwamba mama njo mwenye neno, na mila yetu ilisema hivyo kabla yake. Kumzunguka mama ili kumfikia baba kungekuwa kuvunja mnyororo ambao tunadai kuuunganisha. Kwa hiyo jina la baba liko katika ukurasa wake, na mahali pa tarehe ya ubatizo ni peupe. Siku hizi mama mwenyewe anatuita jioni kusahihisha daftari: huyu alikuwa mkubwa wa yule, hawa hawakuwa wa tumbo moja.

Ndugu msomaji, hatukuombi uje kanisani kwetu. Tunaomba ununue daftari ya kurasa mia moja, na likizo hii uende kwa mzee wa ukoo wako ambaye bado anakumbuka. Peleka sukari na sabuni, keti chini, na uanze na jina la mama wa mama yake, kwani upande ule njo unasahauliwa haraka zaidi.