Moshi wa Tembe

"Makumbusho, Makumbusho, washukao!" Kondakta alipoita, mjukuu akageuka. "Bibi, kwani hapa wanakumbusha nini?" Ana miaka 15, na hupita kituo hicho kila siku ya shule.

Bibi, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Ugogoni, hakumjibu. Alimshika mkono wakashuka. Si mbali na kituo, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kuna Makumbusho ya Kijiji, yaliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo ndiyo yaliyolipa eneo zima jina. Waliupita msonge wa Wahaya, nyasi zimeufunika mpaka chini, wakafika kwenye tembe la Wagogo. Mjukuu aliinama kuingia. Bibi alisimama mlangoni, machozi yakimlengalenga.

Tembe la baba yake, miaka ya 1950, lilizunguka ua wa ng'ombe: mifugo katikati, watu pembeni. Juu ya nguzo zililazwa boriti, kisha fito, kisha majani, na mwisho udongo ulioshindiliwa kwa miguu. Paa lilikuwa bapa, na mama alianika mtama juu yake, na majani ya mlenda ya kuwekea kiangazi. Ndani, moto haukuzimika. Moshi uliwasha macho, ukaingia kwenye nguo za shule na kwenye maziwa ya kibuyu, ukazifanya boriti nyeusi tii. Mchwa hawakuzigusa. Mpaka leo akinusa kuni mbichi humjia mama, amechutama mbele ya jiwe la kusagia, uwele ukigeuka unga mkono kwa mkono.

Operesheni Dodoma, ya kuwahamishia watu vijiji vipya, ilimkuta ameshaanza kufundisha. Alishikilia kuwa ni 1972. Alipotazama kitabuni akakuta 1971. Basi na iwe 1971. Anachokumbuka ni baba yake akizihesabu boriti moja moja tembe lilipobomolewa, akizibeba hadi kijiji kipya, ambako zilitosha vyumba viwili tu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio: matofali ya kuchoma, mabati, mashine ya kusaga, viwanja vilivyopimwa.

Sasa kwenye ekari tatu za baba anataka shamba la maisha ya zamani. Humkera sana misonge ya saruji inayopakwa rangi kwenye bustani za vinywaji na kuitwa utamaduni. Wajenzi wa misonge hiyo hawajawahi hata kumuuliza mzee mmoja jinsi paa linavyofungwa. Kwake patalimwa mtama na uwele, watoto wataamia ndege, ng'ombe watalala uani, na mgeni atakayetaka ugali atausaga mwenyewe. Mjukuu ameshaorodhesha mahitaji kwenye simu: nguzo, fito, vibuyu, majembe ya mkono.

Fundi aliyepatikana amevuka miaka 80. Aliisikiliza orodha yote, akauliza swali moja: "Mwalimu, nani atalala humo?" Nyumba isiyopikiwa, alisema, mchwa wataimaliza mapema, naye hajengi chakula cha mchwa. Walizunguka kijiji wakitafuta familia iliyo tayari kuhama kutoka kwenye bati. Hawakuipata.

Kazi inaanza kabla ya mvua. Chumba cha karibu na jiko atalala mwalimu mwenyewe.